André Citroën: Aliyefilisika kwa gari ambalo mafundi hawaliachi

Na Mwandishi Wetu

WAKARABATI wa magari ya kale wana kipindi kimoja kigumu, nacho si kile cha kulala chini ya chesisi wakigombana na boliti iliyoshika kutu. Ni kile kinachofuata baada ya kazi kukamilika. Rangi imeshakauka, injini inanguruma vizuri, gereji imebaki tupu, na swali ni moja tu: lipi linafuata?

Kwa wale waliopenda magari ya Kifaransa, swali hilo mara nyingi huzunguka na kurudi kwenye jina lilelile. Bugatti ni ya matajiri. Delahaye na Voisin ni adimu, na spea zake aghalabu huchongwa moja moja. Lakini Citroën zilizoundwa kati ya vita kuu mbili za dunia bado zinapatikana, na ni za aina zinazotofautiana sana: kigari cha njano cha viti viwili ambacho fundi mmoja anaweza kukifungua peke yake, mabodi ya mbao yanayohitaji seremala, mabodi ya chuma kitupu, na hatimaye gari lisilo na chesisi kabisa ambalo kutu mahali pabaya huligeuza kuwa chakavu.

Tofauti hizo zote zilitoka katika kichwa cha mtu mmoja, tena katika muda usiozidi miaka 15. André Citroën, mwasisi wa kampuni hiyo aliyefariki dunia Julai 3, 1935, alikuwa mcheza kamari mezani na kiwandani. Kila gari lake jipya lilikuwa dau, na madau mengi aliyaweka kwa fedha za kukopa. Anayechagua Citroën ya kufufua, ajue asijue, anachagua dau mojawapo la mzee huyo.

Citroën alizaliwa Paris Februari 5, 1878, mtoto wa tano na wa mwisho katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Levie Citroen, alikuwa mfanyabiashara wa almasi aliyehamia kutoka Amsterdam. Mama yake, Masza Kleinman, alitoka Warsaw. Miongoni mwa mababu zake wa Uholanzi alikuwamo muuza matunda, na jina la ukoo linatokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya limau. Nukta mbili juu ya herufi ya e ziliongezwa baadaye huko Paris.

Mwaka 1884, André akiwa na umri wa miaka sita, baba yake alijiua. Mama akabaki na watoto watano. Waandishi wa maisha yake wamelitazama tukio hilo kwa namna mbalimbali, na mwandishi wa makala haya hana haja ya kuongeza nadharia nyingine. Inatosha kusema kwamba mtoto huyo alikua akifahamu mapema kuwa mali inaweza kuondoka nyumbani kwa siku moja.

Alikuwa msomaji wa hadithi za Jules Verne. Alikuwa pia na umri wa miaka 11 Mnara wa Eiffel ulipofunguliwa mwaka 1889, na jengo hilo la chuma atakuja kulitumia kwa namna ambayo hakuna mfanyabiashara aliyewahi kuithubutu.

Mwaka 1898 aliingia École Polytechnique, chuo maarufu cha uhandisi cha Ufaransa. Mama yake alifariki mwaka uliofuata. Alipomaliza masomo mwaka 1900 alikwenda kuwatembelea ndugu wa upande wa mama huko Poland, na katika safari hiyo akaona gia zilizokatwa meno yenye umbo la V. Gia za namna hiyo hushikana taratibu, hazipigi kelele nyingi, na huhimili nguvu kubwa. Alinunua haki ya kuzitengeneza, akazichonga kwa chuma cha pua, na biashara hiyo ikamtajirisha. Alama ya V mbili zilizopinduliwa inayoonekana hadi leo mbele ya kila Citroën ni meno ya gia hizo.

Mwaka 1908 alipewa jukumu la kuiokoa kampuni ya magari ya Mors iliyokuwa ikiyumba, akaiinua. Mwaka 1912 alisafiri kwenda Marekani kutazama viwanda, kikiwamo cha Henry Ford. Miaka miwili baadaye alimuoa Giorgina Bingen, binti wa benki mmoja wa Genoa, na miezi michache tu baada ya harusi vita vikazuka. Kaka yake Bernard aliuawa vitani mwaka huo huo wa 1914.

André, aliyekuwa ofisa wa mizinga, aliona jeshi la Ufaransa likiishiwa makombora. Mwaka 1915 alipata idhini ya serikali na malipo ya awali, akajenga kiwanda kando ya Mto Seine katika eneo la Javel, palipokuwa na bustani za mboga. Kiwanda hicho kilitoa makumi ya maelfu ya makombora kwa siku, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wake walikuwa wanawake. Palikuwa na kantini, zahanati na mahali pa kulelea watoto, mambo ambayo wenye viwanda wengi wa wakati ule waliyaona kuwa anasa.

Vita vilipokwisha alibaki na majengo makubwa yasiyo na kazi. Wakati Ulaya ilikuwa ikiunda magari kwa makumi na kwa mamia, yeye alitaka kuyaunda kwa maelfu kama Wamarekani.

Gari lake la kwanza, Type A, lilitoka mwaka 1919. Lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,327 na mwendo wa juu wa kilomita 65 kwa saa, jambo lisilomshangaza mtu. Kilichoshangaza ni kwamba liliuzwa likiwa kamili. Siku zile mnunuzi alipewa chesisi na injini, kisha akatafuta mwenyewe fundi wa bodi, taa na hata matairi. Citroën alimkabidhi mteja gari lenye bodi, taa za umeme, starta na tairi la akiba, kwa bei iliyotangazwa mwanzoni kuwa chini ya faranga 8,000. Ndilo lililokuwa gari la kwanza la Ulaya kuundwa kwa wingi kwa mtindo huo.

Kisha mwaka 1922 kikatoka kigari ambacho hadi leo ndicho mlango wa wengi wanaoingia katika ukarabati wa Citroën. Kilijulikana kama 5HP au Type C, na vya mwanzo vilipakwa rangi ya njano ya limau. Wafaransa, ambao neno lao la limau ni lilelile, hawakukosa kukitania kwa jina hilo. Injini yake haikufikia sentimita za ujazo 900. Starta ya umeme ilimwondolea dereva kazi ya kuzungusha hendeli kwa mkono, na matangazo yake yaliwalenga wanawake waziwazi. Viliundwa takriban 80,000 hadi mwaka 1926. Opel ya Ujerumani ilitoa gari lililofanana nacho mno, ila lake lilikuwa la kijani.

Kwa mkarabati mwenye gereji ndogo na mfuko wa wastani, 5HP ni chaguo la busara. Ni nyepesi, mitambo yake ni michache, na maji ya injini huzunguka yenyewe kwa joto bila pampu. Ajiandae tu kwa jambo moja: haina breki za magurudumu ya mbele. Kusimama kunahitaji kufikiriwa mapema, na katika foleni za miji ya leo hilo si jambo la kupuuzwa.

Magari makubwa zaidi ya miaka hiyo ni habari nyingine. B2, iliyoanza mwaka 1921, ina bodi ya bati iliyopigiliwa juu ya fremu ya mbao. Miaka 100 baadaye, bati linaweza kuwa zima huku mbao ndani zimeliwa na wadudu na unyevu, na mkarabati anajikuta anahitaji seremala kuliko mchomeleaji. Citroën mwenyewe aliuona udhaifu huo. Akanunua teknolojia ya Kimarekani ya Budd, na katika maonyesho ya magari ya Paris ya mwaka 1924 akaonyesha B10, gari lenye bodi ya chuma kitupu. Tatizo ni kwamba aliiweka bodi hiyo ngumu juu ya chesisi ileile ya B2, iliyozoea kujipinda kidogo barabarani. Bodi haikukubali kujipinda, ikapata nyufa. Ilibidi chesisi iimarishwe, likazaliwa B12.

Mwenye kuchagua kati ya magari hayo mawili leo anaweza kuchukua B12 na kulala usingizi. Lakini wapo wanaotafuta B10 kwa makusudi, kwa sababu ndani yake wanaona haraka ya mtu aliyekuwa akikimbilia jambo fulani kabla wengine hawajalifikia.

Miaka hiyo ya 1920 ilikuwa ya fahari. Citroën aliuza magari kwa mkopo, akaweka alama za barabarani zenye nembo yake katika barabara za Ufaransa, na akatengeneza magari ya kuchezea ili watoto wakue wakilijua jina lake. Kuanzia Julai 1925 hadi 1934 jina hilo liliwaka usiku juu ya Mnara wa Eiffel kwa taa za umeme zipatazo 250,000. Rubani Charles Lindbergh, alipokaribia Paris mwaka 1927 baada ya kuvuka Atlantiki peke yake, aliuona mwanga huo.

Hapo ndipo jina hilo lilipofika pia Afrika Mashariki. Oktoba 1924 msafara wa magari manane ya Citroën yenye minyororo ya mpira mahali pa magurudumu ya nyuma, ulioongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, uliondoka Colomb-Béchar nchini Algeria. Ulivuka Sahara, ukapita Niger, Chad na misitu ya Kongo, na mwaka 1925 ukafika Kampala. Hapo uligawanyika katika makundi manne ya magari mawili mawili. Kundi moja lilielekea Mombasa, jingine Dar es Salaam, la tatu pwani ya Msumbiji, na la nne likashuka hadi Cape Town. Kituo cha kukutania kilikuwa Madagascar. Msafara huo ulifungua njia kwa magari, lakini ulikuwa pia kazi ya dola la kikoloni iliyobebwa na wapagazi na vibarua wa Kiafrika, ambao majina yao hayakuandikwa mubavuni mwa gari lolote.

Hata hivyo, Citroën haikuota mizizi hapa. Gari la Kifaransa likitajwa katika miji yetu, wengi hukumbuka Peugeot 404 na 504, zilizoibuka na ushindi wa Safari Rally kwa nyakati tofauti kati ya 1963 na 1978. Anayetaka kufufua gari la Kifaransa Dar es Salaam au Nairobi huanza na hizo, na ana sababu nzuri: spea zake zipo na mafundi wazee wanazijua.

Turudi Paris. Mwaka 1929 viwanda vya Citroën vilitoa zaidi ya magari 100,000. Mwenyewe alikuwa mtu wa vitanga vya kamari vya Deauville, ambako kupoteza kwake fedha nyingi kwa usiku mmoja kuliandikwa magazetini kama matangazo mengine. Hakuonekana kujali. Fedha alizopata alizirudisha kiwandani, na nyumba aliyoishi jijini ilikuwa ya kupanga. Wenye mabenki, ambao hupenda mkopaji mwenye mashamba na majumba, walianza kumtazama kwa jicho la wasiwasi.

Mdororo wa uchumi uliotoka Marekani ulipoikumba Ufaransa, mtu mwingine angepunguza matumizi. Citroën aliamua kubomoa kiwanda cha Javel na kukijenga upya katika miezi michache ya mwaka 1933, huku uzalishaji ukiendelea. Mpinzani wake Louis Renault alikuwa na kiwanda kipya kikubwa, na Citroën hakutaka kuachwa nyuma. Wakati huohuo aliwapa kazi mhandisi André Lefèbvre, aliyewahi kufanya kazi kwa Voisin, na mchongaji wa Kiitalia Flaminio Bertoni: waunde gari ambalo halijawahi kuonekana, na waliunde haraka.

Lefèbvre aliajiriwa Machi 1933. Aprili 18, 1934 gari lilizinduliwa. Liliitwa 7, na umma ukalipa jina la Traction Avant kwa kuwa magurudumu ya mbele ndiyo yaliyolivuta. Halikuwa na chesisi, bali bodi yenyewe ndiyo iliyobeba kila kitu. Lilikuwa na breki za mafuta na vyuma vya kujipinda badala ya springi za majani. Lilikaa chini kiasi kwamba ngazi za kupandia milangoni hazikuhitajika tena.

Lakini lilikuwa halijaiva. Gia za kujibadilisha zenyewe zilizokusudiwa ziligoma katika majaribio, zikatupwa dakika za mwisho, na gia boksi ya kawaida ya hatua tatu ikabuniwa harakaharaka ili itoshe katika nafasi iliyokuwapo. Shafti za mbele zilivunjika. Mabodi yalipasuka. Wateja wa kwanza walirudi kwa mawakala wakiwa na hasira, na wenye kumdai Citroën hawakuwa na subira ya kungoja marekebisho. Desemba 21, 1934 kampuni iliwekwa chini ya ufilisi kwa amri ya mahakama. Michelin, kampuni ya matairi iliyokuwa mdai wake mkubwa, ikachukua usukani.

Citroën alikuwa tayari mgonjwa wa saratani ya tumbo. Alifariki zaidi kidogo ya miezi sita baadaye akiwa na umri wa miaka 57, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse. Gari lililomfilisi liliendelea kuundwa hadi Julai 1957, na idadi yake ilizidi 700,000.

Hilo ndilo linalomweka mkarabati wa leo njia panda. Akitaka Traction ya kuendesha kila Jumapili, atafute ya miaka ya 1950 aina ya 11. Michelin walishaondoa maradhi ya utotoni: mwaka 1936 usukani ulibadilishwa ukawa wa meno na mshipi wa chuma ulionyooka, shafti zikaimarishwa, na spea zake hutengenezwa upya hadi leo kwa ajili ya vyama vya wapenzi wa gari hilo. Kwa anayeendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, zipo pia zilizounganishwa Slough, Uingereza, zenye usukani wa kulia na umeme wa Lucas wa volti 12 badala ya volti 6 za Paris.

Akitaka gari la André Citroën mwenyewe, itambidi atafute 7A ya mwaka 1934, iliyoundwa kwa miezi michache tu. Buti yake haifunguki kwa nje, mizigo hupitishwa ndani nyuma ya kiti. Injini yake ni ndogo, ya sentimita za ujazo 1,303. Udhaifu wote wa mwanzo umo humo. Hapo mkarabati hujiuliza swali ambalo halina jibu rahisi: afunge shafti za kisasa asifie barabarani, au aache zile ambazo ndizo zilizomwangusha mwenye gari?

Vyovyote atakavyochagua, kwanza apige magoti atazame vizingiti vya milango. Katika gari lenye chesisi, kizingiti kilichooza ni aibu tu. Katika Traction ndicho kinachoshikilia gari lisikunjike katikati. Mafundi wazoefu hufunga milango yote na kuikaza bodi kwa vyuma vya muda kabla ya kukata hata kipande kimoja cha bati, maana bodi ikishalegea, milango haitafunga tena sawasawa. Habari njema ni kwamba injini, gia boksi na magurudumu ya mbele vyote vimeshikiliwa kwenye pembe za mbele za bodi, na hutoka kwa pamoja kama mkokoteni.

Gia boksi ishughulikiwe kwa upole. Ndiyo ile iliyobuniwa harakaharaka, na madereva wa Traction bado hubadilisha gia taratibu, wakingoja kidogo kati ya hatua moja na nyingine.

Lipo pia gari moja ambalo kila mpenzi wa Citroën angelichagua kabla ya yote, na hakuna awezaye. Katika maonyesho ya Paris ya Oktoba 1934, wiki chache kabla ya mahakama kutoa amri, Citroën alionyesha Traction yenye injini ya silinda nane, iliyoitwa 22. Yaliundwa machache ya majaribio. Michelin walifuta mradi huo mara walipoingia, na halijulikani hata moja lililobaki. Wapo waliojaribu kuunda nakala kwa kufuata picha na kutumia injini za kampuni nyingine. Wengine bado huingia katika mabanda ya mashamba ya Ufaransa wakiwa na tochi, wakifunua maturubai.